Paneli ya Juu ya Rubani: Swichi, Taa na Ukweli wa Waya

Abiria apitapo mlango wa mbele wa ndege, akabahatika kukuta chumba cha marubani kiko wazi, jicho lake huvutwa kwanza na ule ubao uliojaa swichi na taa juu ya vichwa vya marubani wawili. Huo ndio paneli ya juu. Hapo ndipo hutawaliwa umeme wa ndege, pampu za mafuta, hewa wanayovuta abiria, joto la kuzuia barafu na kuwashwa kwa injini. Usukani huielekeza ndege, lakini paneli ya juu ndiyo huiweka hai.

Katika nchi nyingi wako watu ambao si marubani, wala hawafanyi kazi katika viwanja vya ndege, walioamua kujenga chumba cha rubani nyumbani mwao. Na vijana wetu hawako mbali na jambo hili. Kijana mwenye kompyuta na programu kama Microsoft Flight Simulator au X-Plane aweza kuruka kutoka uwanja wa Moi hapa Mombasa hadi Manda, Lamu, bila ya kuondoka kitini. Baada ya muda, kubofya picha ya swichi kwa kipanya hakumtoshi tena. Hutaka swichi yenyewe, aishike, aisikie ikilia chini ya kidole. Hapo ndipo huanza kazi ya nyaya, nayo ina mafunzo ambayo mzazi hapaswi kuyadharau.

Mwanzo ulikuwa karakanani

Mtu asione kwamba kuiga ndege kwa vifaa vya nyumbani ni mchezo wa watoto. Mwaka 1929, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, kijana aitwaye Edwin Link alikamilisha chombo cha kumfundisha mtu kurusha ndege bila ya kutoka ardhini. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza piano na ogani, basi Link akatumia mivukuto ya ogani hizo kukiinamisha na kukiinua chombo chake kama ndege ipigwayo na upepo.

Kwa miaka kadhaa chombo hicho kilionekana zaidi kuwa kitu cha kufurahisha watu katika maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani wake wakafa mmoja baada ya mwingine kwa sababu hawakuzoea kuruka gizani na katika mawingu kwa kutegemea vipimo peke yake. Ndipo jeshi liliponunua vyombo 6 vya Link. Tangu hapo simuleta imekuwa sehemu ya elimu ya urubani duniani.

Taa haimjibu rubani juu ya mkono wake

Kabla kijana hajashika waya, sharti aelewe paneli ile inasema nini. Tuchukue mfano wa Boeing 737, ndege ambayo wajenzi wengi wa nyumbani huichagua. Katika sehemu ya mafuta mna pampu 6 za umeme: mbili za tangi la kushoto, mbili za tangi la kulia, na mbili za tangi la kati. Kila pampu ina swichi yake, na kila pampu ina taa ya rangi ya kaharabu. Anayetazama mara ya kwanza hudhani kwamba taa ile huonyesha kama swichi imewashwa au imezimwa. Sivyo. Taa huwaka pale nguvu ya mafuta yatokayo katika pampu inapokuwa ndogo. Haielezi mkono wa rubani umefanya nini. Inaeleza pampu yenyewe inafanya nini.

Mfano ulio wazi zaidi ni taa za buluu za vali za mafuta. Vali ya injini ikiwa katika mwendo wa kufunga au kufungua, taa yake huwaka kwa nguvu. Ikiisha kufunga sawasawa, taa hufifia na kubaki na mwanga mdogo. Ikikwama katikati, mwanga ule mkali hauondoki. Rubani ametoa amri, naye anangoja kuona kama amri imetekelezwa.

Hili ndilo somo kubwa la paneli ya juu, na ndilo linalopaswa kuongoza kazi yote ya nyaya: swichi ni swali, taa ni jawabu, na njia zao ni mbili mbalimbali. Fundi mgeni hushawishika kuunganisha taa moja kwa moja na swichi yake, kwa kuwa ni rahisi na hupendeza macho. Akifanya hivyo atakuwa amejenga pambo. Taa yake itamwambia tu kile ambacho kidole chake kimeshakijua.

Njia ya kwenda: kupeleka amri

Swichi za paneli huunganishwa na bodi ndogo ya kielektroniki, na inayotumiwa sana ni Arduino, iliyobuniwa katika mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005. Aina yake iitwayo Mega ina pini 54 za kupokea na kutoa ishara. Idadi hiyo huonekana kubwa mpaka mtu aanze kuhesabu swichi, taa na vitufe vya kuzungusha vya paneli nzima. Ndipo atambuapo kwamba kuipa kila swichi pini yake ni israfu.

Dawa yake ni kuzipanga swichi kwa safu na nguzo, kama vyumba vya bao. Safu 8 na nguzo 8 huzaa makutano 64, na kwa hivyo swichi 64 husomwa kwa pini 16 tu. Bodi huchagua safu moja, huzikagua nguzo zote, kisha huhamia safu ifuatayo, kwa kasi ambayo mwanadamu haihisi.

Lakini mpango huu una hila ndani yake. Chukua swichi 4 zilizo katika pembe za mraba. Tatu zikiwashwa pamoja, umeme waweza kurudi kinyume kupitia nyaya zao, na bodi ikaisoma ya nne kuwa imewashwa ilhali haijaguswa. Katika kibodi ya kuandikia jambo hili huwa la nadra, kwani vidole huachia vitufe mara moja. Katika paneli ya ndege, swichi hubaki zimewashwa safari nzima. Kwa sababu hiyo kila swichi huwekewa dayodi, kijidude kinachouruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Aina ya 1N4148 hutosha, na bei yake ni ndogo. Zote zielekezwe upande mmoja. Moja ikigeuzwa, swichi yake itakuwa bubu.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni maneno ambayo bodi huiambia kompyuta. Iko amri isemayo «geuza», na iko amri isemayo «washa» au «zima». Ya kwanza ni hatari. Programu ikianza na pampu iliyowashwa, na swichi ya mkononi ikiwa imezimwa, kila ukiigusa swichi hiyo itafanya kinyume cha inavyoonekana. Bora bodi ipeleke hali ya swichi ilivyo, na mwanzoni mwa kila safari izipitie swichi zote na kuiarifu kompyuta. Hapo mkono na programu huafikiana.

Njia ya kurudi: kuleta habari

Taa hupokea amri kutoka kwa kompyuta, kamwe si kwa swichi. Kila taa ndogo ya LED huhitaji rezista ya kuuzuia umeme usiiunguze. Hesabu yake ni ya darasani. Umeme ni volti 5, taa ya kaharabu hutumia takriban volti 2, zabaki 3. Tukitaka miliampea 15 zipite, tunagawanya 3 kwa 0.015, tunapata omu 200. Dukani tutachukua ya omu 220, iliyo karibu na iliyo salama zaidi. Taa ya buluu hutumia takriban volti 3, hivyo hesabu yake huja 133, na tutaiwekea ya omu 150. Mwanafunzi aliyeuliza hesabu za umeme zitamfaa nini, jawabu lake ndilo hili.

Kisha ajumlishe. Taa 60 za miliampea 15 zikiwaka kwa pamoja zataka ampea 0.9, na tundu la kawaida la USB la kompyuta, toleo la pili, hutoa ampea 0.5. Basi taa zipewe chanzo chao cha umeme cha volti 5, na waya hasi wa chanzo hicho uunganishwe na waya hasi wa bodi. Wengi husahau kiungo hiki kimoja, kisha wakatafuta kosa siku nzima. Njia nyingine ni kutumia chipu ya MAX7219, ambayo huongoza hadi taa 64 kwa nyaya chache na hupimiwa umeme wake kwa rezista moja.

Taa ya tahadhari iliyozimika ina maana mbili: ama mambo ni salama, ama taa yenyewe imekufa. Kwa ajili hiyo ndege halisi ina swichi ya kuziwasha taa zote kwa pamoja ili rubani ajue kwamba kila moja i hai. Paneli ya nyumbani nayo iwe na jaribio hilo. Kimya kisichojaribiwa si ushahidi wa usalama.

Siku ambayo swichi moja haikurudishwa

Tarehe 14 Agosti 2005, ndege aina ya Boeing 737-300 ya shirika la Helios Airways iliruka kutoka Larnaca, Saiprasi, kuelekea Athens na baadaye Prague. Ilikuwa na watu 121. Kabla ya safari, mafundi walikuwa wameikagua kama inavuja hewa, na kwa ajili ya ukaguzi huo swichi ya kudhibiti kanieneo ya hewa, iliyo katika paneli ya juu, iliwekwa katika nafasi ya kuongozwa kwa mkono. Haikurudishwa katika nafasi ya kujiendesha yenyewe.

Wachunguzi wa Ugiriki waliandika kwamba marubani walikuwa na nafasi tatu za kuitambua: katika matayarisho ya safari, katika orodha ya kabla ya kuwasha injini, na katika orodha ya baada ya kuruka. Taa ya kijani ilikuwa ikiwaka pale pale ikieleza hali hiyo. Ndege ilipopanda, king'ora cha kupungua kwa hewa kililia. Lakini mlio wake ulikuwa sawasawa na ule wa kuonya kwamba ndege haijatayarishwa kuruka, na marubani wakauelewa hivyo. Hewa iliendelea kupungua, fahamu zikawatoka. Ndege iliendelea kujiongoza hadi karibu na Athens, ikazunguka mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka karibu na Grammatiko. Hakunusurika hata mmoja. Baadaye mamlaka ya Marekani iliamuru ndege za 737 zifungwe taa za kuzitenganisha zile maana mbili za mlio mmoja.

Hatuyataji haya kwa kuwalaumu waliokwisha kufa. Twayataja kwa sababu kijana anayeunganisha swichi hiyo hiyo katika paneli ya plaiwudi afahamu anaiga kitu gani.

Nidhamu ya nyumbani

Umeme wa ukutani kwetu ni volti 240, nao unaua. Usiingie kabisa ndani ya paneli. Chanzo cha umeme kiwe kile kilichofungwa kiwandani ndani ya kasha lake, kikae chini mbali na paneli, na kinachopanda juu kiwe volti 5 au 12 peke yake, tena kupitia fyuzi. Kazi ya kulehemu ifanywe penye madirisha wazi, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwani lehemu nyingi zina madini ya risasi. Kwa kuwa paneli itaning'inia juu ya kichwa cha mtu, fremu na bawaba zake zibebe uzito wake bila ya shaka yoyote.

Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hula shaba. Viungo vyote vilehemiwe vizuri na kuvikwa mpira wa kujibana kwa joto. Waya uliosokotwa tu kwa mkono hautamaliza masika mawili. Kila waya uwe na kibandiko cha namba ncha zote mbili, na namba hizo ziandikwe daftarini: safu gani, nguzo gani, swichi gani. Daftari hilo ni amana ya fundi kwa yeyote atakayekuja kurekebisha, naye mara nyingi huwa ni yeye mwenyewe baada ya mwaka, akiwa amesahau kila kitu. Na kazi iende sehemu kwa sehemu: pampu 6 za mafuta kwanza, zijaribiwe kwa maltimita na kwa programu, ndipo aanze sehemu ya umeme. Haraka haraka haina baraka, na katika nyaya mia moja methali hii huonekana kwa macho.

Mzazi atakayeombwa fedha za swichi na dayodi asitazame bei peke yake, wala asitarajie kwamba paneli itamfanya mwanawe kuwa rubani. Urubani una shule zake, gharama zake na vyeti vyake. Afadhali aitazame kazi itakapokwisha, amwambie mwanawe awashe pampu moja, kisha amuulize: umejuaje kwamba imewaka? Akimwonyesha swichi, bado hajamaliza kujifunza. Akimwonyesha taa, akamweleza habari yake imetoka wapi na imepita waya gani, fedha ile haikupotea.