Mawasiliano ya seli za neva katika retina

Retina ni utando mwembamba wa tishu ya neva unaofunika ukuta wa ndani wa nyuma ya jicho. Jina lake linatokana na neno la Kilatini rete, yaani "wavu". Kwa binadamu unene wake ni takriban robo ya milimita, lakini una seli zaidi ya milioni 100. Mimba inapokua, retina huchipuka kutoka sehemu ileile inayounda ubongo. Kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya mfumo mkuu wa neva.

Mara nyingi jicho hufananishwa na kamera, na retina na filamu yake. Mfano huo una kasoro: filamu hupokea mwanga tu, bali retina huchambua kile inachopokea. Seli zake hupashana habari, hulinganisha na huchuja kabla ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazizaliwi upya, hivyo sehemu ya uoni inayopotea pamoja nazo kwa kawaida hairudi.

Muundo

Retina ina aina kuu tano za seli za neva, zilizopangwa katika tabaka tatu:

- Vipokea mwanga viko nyuma kabisa. Ni seli fito (takriban milioni 100), zinazofanya kazi katika mwanga hafifu, na seli koni (takriban milioni 6), zinazotumika mchana na kutofautisha rangi.
- Seli za baipola hupokea habari kutoka kwa vipokea mwanga na kuzipeleka mbele.
- Seli za ganglioni hukusanya matokeo. Nyuzi zao ndizo zinazounda neva ya jicho.
- Seli mlalo na seli za amakrini huunganisha majirani kwa upande.

Kwa kuwa vipokea mwanga viko nyuma, mwanga hupita kwanza katika tabaka nyingine kabla ya kuvifikia. Tabaka hizo hazizuii mwanga kwa kiasi kikubwa. Katikati ya retina kuna kishimo kidogo kiitwacho fovea, ambapo tabaka hizo zimesogezwa kando na seli koni zimesongamana. Hapo ndipo binadamu anaposomea maandishi au kutunga uzi kwenye tundu la sindano.

Kutoka mwanga hadi ujumbe

Ndani ya seli fito kuna pigmenti iitwayo rodopsini, iliyoundwa na protini pamoja na retinali, ambayo hutokana na vitamini A. Retinali inaponasa chembe ya mwanga hubadilika umbo. Badiliko hilo huanzisha mfululizo wa hatua za kikemia, na kila hatua huukuza ujumbe. Kutokana na ukuzaji huo, seli fito moja inaweza kuitikia hata chembe moja ya mwanga.

Mwishoni mwa mfululizo huo, milango inayoingiza ioni za sodiamu hufungwa. Volti ya seli hushuka kutoka takriban milivolti -40 gizani hadi karibu -70 penye mwanga mkali. Hapa vipokea mwanga ni tofauti na seli nyingi za neva: vina shughuli zaidi gizani. Katika giza humwaga mfululizo kemikali ya glutameti kwenye sinapsi, yaani mahali seli mbili zinapokutana. Mwanga unapokuja, umwagaji hupungua. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza wa kuona ni kupungua kwa kemikali, si kuongezeka.

Njia mbili: ya mwanga na ya giza

Seli za baipola huusoma ujumbe huo kwa namna mbili. Kundi moja lina vipokezi vinavyogeuza ujumbe: glutameti ikipungua, seli huamka. Kundi hili hutangaza kuongezeka kwa mwanga. Kundi la pili hufuata glutameti bila kuigeuza, hivyo huamka mwanga unapopungua.

Mgawanyo huu huifanya retina itoe taarifa za haraka kwa mabadiliko ya pande zote mbili. Kivuli cha mwewe kikipita uani hutangazwa na njia ya giza, na mwale wa tochi ukimulika ghafla hutangazwa na njia ya mwanga. Hakuna njia inayolazimika kusubiri nyingine inyamaze.

Kulinganisha na majirani

Seli mlalo hupokea habari kutoka kwa vipokea mwanga vingi, kisha huvirudishia ujumbe wa kuvipunguza nguvu. Matokeo yake ni kwamba kila sehemu ya retina hupimwa kwa kulinganishwa na sehemu zinazoizunguka. Seli ya ganglioni ya kawaida huwa na eneo la duara inalolishughulikia: mwanga katikati ya eneo hilo ukiiamsha, mwanga wa pembezoni huizima, au kinyume chake. Mwanga ukienea sawasawa kote, seli hubadilika kidogo tu. Penye ukingo kati ya mwanga na giza, ndipo inapoitikia kwa nguvu.

Faida yake huonekana katika mfano wa unga na mkaa. Mkaa uliowekwa kwenye jua la saa sita mchana huakisi mwanga mwingi kuliko unga wa sembe uliomulikwa na koroboi usiku. Hata hivyo mkaa huonekana mweusi na unga huonekana mweupe. Jicho lingekuwa linapima wingi wa mwanga peke yake, mambo yangekuwa kinyume. Retina hupeleka zaidi habari za tofauti kati ya kitu na mazingira yake, na tofauti hiyo haibadiliki sana taa inapobadilika.

Seli za amakrini hufanya ulinganishaji wa pili, karibu na seli za ganglioni. Zina aina nyingi, na baadhi hushiriki kutambua mwendo. Kuna seli za ganglioni ambazo huitikia kitu kinachokwenda upande mmoja na kunyamaza kikirudi upande wa pili, kwa sababu amakrini huzizuia.

Kwenda ubongoni

Seli za ganglioni za jicho moja ni takriban milioni moja tu. Hivyo habari za vipokea mwanga zaidi ya milioni 100 hubanwa zipite katika nyuzi chache. Kwenye fovea ubanaji ni mdogo: koni moja inaweza kuwa na njia yake peke yake. Pembezoni, fito nyingi huchangia seli moja, jambo linaloongeza wepesi wa kuhisi mwanga lakini hupunguza ukali wa picha.

Vipokea mwanga na seli za baipola hutumia zaidi mabadiliko ya volti ya polepole, bali seli za ganglioni hutuma mapigo mafupi ya umeme yanayoweza kusafiri mbali. Mahali nyuzi zao zinapotokea jichoni hapana vipokea mwanga. Hapo pana doa pofu. Nyingi huelekea kwenye thalamasi, na kutoka hapo habari hufika kwenye gamba la ubongo. Seli chache za ganglioni zina pigmenti yao wenyewe, melanopsini, na husaidia kupanga saa ya mwili na upana wa mboni.

Kuona usiku

Tofauti kati ya fito na koni ina uzito wa pekee mahali ambapo watu huishi jirani na wanyamapori. Mfano ni Idodi, katika Wilaya ya Iringa Vijijini, kando ya barabara itokayo Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Jina la eneo hilo limo katika jumuiya ya uhifadhi ya MBOMIPA, kifupi cha "Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga".

Mtu anayetoka nyumba yenye taa na kuingia gizani huwa haoni vizuri mara moja. Koni huzoea giza kwa takriban dakika 10, lakini fito huhitaji karibu nusu saa kurudisha rodopsini yake. Kwa kuwa fovea haina fito, kitu hafifu kinaweza kutoweka kinapotazamwa moja kwa moja na kuonekana kikitazamwa kwa pembeni.

Simba ana fito nyingi, na nyuma ya retina yake kuna tabaka linaloakisi mwanga. Chembe ya mwanga iliyopita bila kunaswa hurudishwa na kupata nafasi ya pili. Tabaka hilo ndilo linalofanya macho yake yang'ae kwenye tochi. Binadamu hana tabaka hilo, hivyo gizani simba anaweza kumwona mtu kabla mtu hajamwona.

Historia ya utafiti

Mwishoni mwa karne ya 19 Mhispania Santiago Ramón y Cajal alichora seli za retina na miunganiko yake. Mwaka 1953 Stephen Kuffler alieleza maeneo ya duara ya seli za ganglioni za paka. Katika miaka ya 1960 Horace Barlow na wenzake walieleza seli za sungura zinazotambua upande wa mwendo. Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1967 walipewa Ragnar Granit, Haldan Keffer Hartline na George Wald. Wald ndiye aliyegundua vitamini A ndani ya retina.

Umuhimu kwa afya

Upungufu wa vitamini A huzuia utengenezaji wa rodopsini, na dalili ya mapema ni kutoona usiku. Mtoto hujikwaa jioni ilhali mchana anaona vizuri. Mahindi meupe hayana karotini ya kutosha, kwa hiyo mlo wa ugali huhitaji mboga za majani kama mchicha na majani ya maboga, au viazi lishe, maembe, mapapai na maini. Nchini Tanzania watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Tatizo likigunduliwa mapema, uoni wa usiku hurudi, kwa sababu seli bado zi hai.

Glakoma ni tofauti. Ugonjwa huu, ambao mara nyingi huitwa presha ya macho, huua seli za ganglioni. Utafiti katika vijiji vya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, uliukuta kwa takriban asilimia 4 ya watu wenye miaka 40 na zaidi. Kwa kawaida hauumi, na huanza kula pembezoni mwa uoni. Jicho moja huziba pengo la jingine na ubongo hujazia palipobaki, hivyo mgonjwa huchelewa kutambua. Dawa za matone na upasuaji hupunguza shinikizo na kulinda seli zilizobaki, lakini hazirudishi zilizokufa. Kwa sababu hiyo watu wenye miaka 40 na zaidi, hasa wenye ndugu waliougua glakoma, hushauriwa kupima macho hata kama wanaona vizuri.