Tuktuk Mbele ya Chumvi ya Malindi

Ukienda kununua tuktuk kuukuu Malindi, injini iache kwanza. Inua mkeka wa raba ulio chini ya miguu ya dereva, kisha gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, hasa pembeni pale bati linapopandana na bati jingine. Ikilia ti, endelea na bei. Ikilia pu na unga mwekundu ukamwagika chini, muage mwenye mali kwa heshima.

Je, wajua kwamba tuktuk haina fremu ya mabomba kama ya bodaboda? Bodi ndiyo mifupa yake: mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja. Asili ya ubunifu huo ni Italia. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, alibuni Vespa iliyotoka mwaka 1946 ikiwa na mwili wa bati. Mwaka 1948 kampuni ileile, Piaggio, ikatoa Ape, yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Baadaye Bajaj ya India ikaanza kuunda magari hayo kwa leseni ya Piaggio. Kwa hiyo Mtaliano anayepatana nauli na dereva wa Malindi, tena mara nyingi kwa Kiitaliano, anapanda kitukuu cha gari la kwao.

Bati lililokunjwa ni jepesi na rahisi kuunda. Ubaya wake ni kwamba likiliwa na kutu, kinacholiwa si urembo, ni uti wa mgongo. Na chumvi haina haraka. Kusi inapovuma kutoka baharini huleta matone madogo ya maji yenye chumvi ileile inayovunwa Gongoni na Marereni. Matone hukauka, chumvi ikabaki kwenye maungio ambako rangi haikufika vizuri. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, basi bati hubaki na majimaji hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana kutu huanzia ndani, na ukiona rangi imevimba nje, kazi imeshafanyika. Kuosha husaidia, lakini si kwa maji ya kisima cha chumvi!

Injini, kwa kweli, haina makuu. Ni silinda moja, ujazo wa cc 200 na ushei, na fundi aliye chini ya mwembe huifungua kwa spana chache. Plagi, kebo ya klachi, oili: ukivitunza, inakwenda.

Kinachoumia zaidi ni miguu. Gari la magurudumu manne huweza kulipitisha shimo katikati, kati ya matairi. Tuktuk ina njia tatu za tairi. Dereva akilikwepesha gurudumu la mbele, la nyuma linatumbukia. Ukitoka lami ya Malindi na kuingia vichochoro vya mawe ya matumbawe, shokapu na beringi za mbele ndizo zinazolipa.

Kuna pia suala la kupinduka. Magurudumu matatu huchora pembetatu ardhini, nyembamba mbele, pana nyuma. Abiria watatu kiti cha nyuma wamekaa penye upana. Yule anayebanwa ubavuni mwa dereva husogeza uzito kwenye ncha, na dereva akikata kona huku amekanyaga breki, uzito unakimbilia pembe ya mbele isiyo na gurudumu. Hapo lawama si ya kiwanda.

Sakafu ikioza, mafundi huikata na kuchomelea bati jipya, na wengine huifanya nene kuliko ya kiwandani. Sina ugomvi na hilo. Ila moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa chini, na wengi hupaka juu tu, panapoonekana. Muuzaji akikuambia sakafu ni mpya, mwombe ailaze tuktuk ubavu. Watu wawili wanatosha.