Gari likitetemeka, mtaji nao hutikisika

Nyanya zinazopakiwa Arusha alfajiri hufika mpaka wa Namanga kabla jua halijawa kali. Zikifika zimepondeka, mnunuzi hushusha bei papo hapo, wala haulizi sababu. Mara nyingi sababu ni gari lenyewe: shokapu zilizokufa, rimu iliyopinda, au usukani ulioanza kutetemeka safari iliyopita na mwenye gari akaamua kuuvumilia.

Wafanyabiashara wengi wa mipakani hutegemea magari ya miaka mingi yaliyoagizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, kama Toyota Probox, Noah na Hiace. Ni magari imara, lakini kila bushi na kila beringi ina umri wake. Hasara kubwa huanza pale mwenye gari anapofika gereji na kusema tu kwamba gari linatetemeka. Spea hununuliwa kwa kubahatisha: leo shokapu, kesho boljointi, wiki ijayo tairodi. Fedha ya mzigo huisha na mtetemo uko pale pale.

Linatetemeka wakati gani?

Fundi makini huanza na swali hilo kabla ya kushika spana, na mwenye jibu ni dereva.

Mtetemo unaojitokeza kwenye mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa kwa kawaida hutoka kwenye magurudumu. Huenda hayajabalansiwa, rimu imepinda shimoni, au tairi limevimba. Ukisikika mikononi kupitia usukani, ukaguzi uanze na magurudumu ya mbele. Ukisikika zaidi kwenye kiti, uanze nyuma, pamoja na propela kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace nyingi.

Hapa wengi hupoteza pesa kwa kuchanganya huduma mbili. Kubalansi ni kusawazisha uzito wa gurudumu kwa vyuma vidogo vinavyobandikwa kwenye rimu. Alaimenti ni kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Alaimenti husaidia gari linalovuta upande au linalokula tairi upande mmoja, lakini haiondoi mtetemo wa gurudumu lisilobalansiwa.

Gari likitetemeka pale tu breki inapokanyagwa, diski za breki za mbele ndizo za kushukiwa kwanza; mara nyingi zimelika bila usawa. Likitetemeka linapovuta mafuta kupanda mlima na kutulia mafuta yanapoachiwa, tatizo linaweza kuwa kwenye jointi za ekseli za mbele, au krosi jointi za propela. Mlio wa tak-tak wakati wa kukata kona kali huashiria jointi ya nje, ile iliyo upande wa gurudumu. Na likitetemeka limesimama, injini ikiunguruma, mauntingi za injini au injini yenyewe ndizo za kuangaliwa. Kubadilisha shokapu hapo ni kutupa pesa.

Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyopanda, na kubadilika gari linapoegemea upande mmoja kwenye kona, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Mgongo wa chuma kwa chuma kwenye matuta huelekeza kwenye linki za stabilaiza, bushi, boljointi au vishikio vya shokapu.

Vipimo visivyohitaji mashine

Shokapu hupimwa kwa kukandamiza kona ya gari na kuiachia. Kona ikiendelea kunesa zaidi ya mara moja au mbili, au mafuta yakionekana kuvuja kwenye shokapu, imechoka.

Kwa sehemu nyingine, gari hupigwa jeki mahali tambarare na magurudumu mengine kuwekewa vigingi. Gurudumu la mbele likishikwa juu na chini na kutikiswa, likicheza, huenda ni beringi au boljointi. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, tairodi ikaguliwe. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee.

Vitu vya bei ndogo hutangulia: upepo wa tairi, nati za magurudumu, kisha balansi. Kwenye magari ya Japani, kibandiko cha upepo kwa kawaida huwa kwenye fremu ya mlango wa dereva na huandika kPa. Kipimo cha kPa 240 ni takriban psi 35. Anayenunua tairi la mtumba aangalie tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Alaimenti hufanywa mwisho, baada ya sehemu zilizolegea kubadilishwa.

Mzigo nao una kikomo chake. Gari likipakiwa mpaka springi zikalala, hata shokapu mpya hazitadumu.

Ng'ambo ya mpaka gharama hubadilika

Hitilafu inayovumilika nyumbani huwa kubwa ng'ambo. Kibali cha muda cha gari la kigeni kina siku zake, na siku hizo huhesabiwa hata gari likiwa gereji. Kadi ya Njano ya COMESA hushughulikia madhara ambayo gari limewasababishia watu wengine. Haigharamii kubadilisha boljointi ya mwenye kadi. Majina ya spea pia hutofautiana kati ya gereji na gereji, hivyo dereva mwenye namba ya chesisi na kipande cha zamani mkononi huepuka kuuziwa kisichoingia.

Anayevuka Rusumo kuingia Rwanda huhamia upande wa kulia wa barabara. Magurudumu ya kulia, yaliyokuwa upande wa katikati nchini Tanzania, sasa ndiyo yanayopita kwenye kingo. Ukaguzi wake uwe wa pande zote mbili.

Kuna dalili ambazo hazingojei safari moja zaidi. Boljointi iliyolegea ikichomoka, gurudumu hulala na dereva hana tena usukani. Nyanya zilizopondeka huuzwa kwa bei ya hasara, lakini gari lililopinduka na mzigo na watu wake halina bei ya kupunguza. Ukaguzi ufanyike siku moja kabla ya kupakia, gereji zikiwa bado wazi na mtaji ukiwa bado mfukoni.