Nafasi Tupu Ndiyo Inayoelea

Kwenye milima ya wilaya ya Ileje, kata ya Ibaba ikiwemo, kahawa ni ada ya shule na bati la nyumba. Ndiyo maana mkulima makini hamenyi matunda aliyochuma kabla ya kuyatosa kwenye pipa la maji. Mengi huzama. Machache hubaki juu, naye huyaengua na kuyatenga, kwa sababu ndani yake hamna kitu cha maana: punje imesinyaa kwa ukame, au mdudu ametoboa na kula akaacha tundu. Kwa nje tunda hilo ni jekundu sawa na lile lililozama. Jicho limedanganyika, maji hayakudanganyika.

Wengi tumetoka shuleni tukiamini kuwa kizito huzama na chepesi huelea. Lakini gogo la paini la kilo mia mbili linaelea mtoni, na msumari mwembamba unazama kwenye bakuli. Maji hayaulizi kitu kina uzito gani tu. Yanauliza uzito huo umeenea kwenye nafasi kubwa kiasi gani.

Chukua kipande cha mbao chenye sentimita 10 kila upande. Kinachukua nafasi ya lita moja, na lita moja ya maji ina kilo moja. Ukikizamisha, maji yaliyo chini yake yana mgandamizo mkubwa kuliko yaliyo juu yake, kwa kuwa yamebeba mzigo wa maji mengi zaidi. Kwa hiyo kipande kinasukumwa kwenda juu kwa nguvu zaidi kuliko kinavyosukumwa kwenda chini, na ziada hiyo ni sawasawa kabisa na uzito wa maji yaliyopisha. Archimedes wa Sirakusa aliliandika jambo hili katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na hakuna aliyelitangua. Kama kipande hicho ni cha mninga wenye gramu 600 hivi, kitazama sentimita 6 na kuacha 4 nje, kwa kuwa hapo ndipo maji yaliyopisha yanapofikia gramu 600. Kikiwa cha mpingo, chenye kilo 1.2, kitakwenda hadi chini. Hata hivyo ukikishika humo majini utahisi kama kina gramu 200 tu; kilo nzima imebebwa na maji.

Mpingo ni mti, na unazama. Kwa hiyo tusiseme mbao huelea kwa kuwa ni mbao. Ukuta wa seli za mti wowote, ukiutenga peke yake, ni mzito kuliko maji. Kinachoelea ni hewa iliyofungiwa ndani ya vijishimo vyake, na mpingo hauna nafasi nyingi ya hewa hiyo.

Ileje ina mfano mzuri kuliko wote niujuao wa jambo hili, kwa sababu humo kuna mkaa wa kuni na kuna makaa ya mawe, yale ya eneo la Kiwira na Kabulo. Tosa vipande viwili kwenye ndoo moja. Mkaa wa kuni unaelea juu, makaa ya mawe yanatua chini. Vyote viwili ni vyeusi, vyote vinawaka, na vyote asili yake ni mimea. Tofauti ni historia. Mti uliochomwa kwenye tanuru la udongo hupoteza maji na utomvu wake, lakini mirija yake hubaki wazi, sasa imejaa hewa. Mimea iliyozaa makaa ya mawe ilizikwa kwenye vinamasi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kisha mchanga na matope vikalundikana juu yake hadi kila mrija ukabonyea. Lita moja ya makaa hayo ina takriban kilo 1.3. Ukitaka nayo yaelee, badilisha maji: mitambo ya kusafisha makaa ya mawe huchanganya maji na unga laini wa madini ya chuma hadi mchanganyiko uwe mzito kuliko makaa, nayo huibuka juu wakati mawe taka yakizama.

Na jiwe je? Jirani na Ileje upo mlima Rungwe, ambao miaka 4,000 hivi iliyopita ulilipuka vibaya na kumwaga pumisi, jiwe lililoganda likiwa bado linatoa povu la gesi. Matundu yake ni mengi kiasi kwamba linaelea. Volkano ya Krakatau ilipolipuka huko Indonesia mwaka 1883, pumisi yake ilivuka Bahari ya Hindi ikielea na kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Maji yakishapenya matundu yote, jiwe hilo huzama kama mawe mengine.

Hapa nirudi kwenye pipa la kahawa, niseme neno kuhusu mpaka wa kipimo chake, maana wapo wanaokiamini kupita kiasi. Pipa la maji halijui ladha wala ukomavu. Tunda bichi la kahawa nalo huzama, kwa kuwa limejaa. Bila mkono wa kuchambua, litaingia kwenye mashine ya kumenya pamoja na mabivu.

Mito mingi ya Ileje huingia Mto Songwe, ule unaotutenganisha na Malawi, kisha Ziwa Nyasa. Huko zinaelea MV Njombe na MV Ruvuma, meli za mizigo zilizoundwa bandari ya Itungi, Kyela, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000. Chuma ni kizito karibu mara nane ya maji, lakini kimekunjwa kikazunguka nafasi tupu. Pakia tani 1,000, nayo meli itashuka hadi isukume kando meta za ujazo 1,000 za maji ya ziada, basi.

Gari nalo ni chuma kilichozunguka nafasi tupu, na hili natamani kila dereva wa njia za milimani alijue kabla ya masika. Gari dogo la kilo 1,200 lenye sakafu ya meta 4 kwa 1.6 hupata msukumo wa takriban kilo 640 kwa kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya usawa wa sakafu. Sentimita 20 zinatosha kuliinua. Ukijumlisha na kimo cha sakafu kutoka ardhini, hayo ni maji ya magotini. Nyuma huinuka kwanza kwa kuwa injini iko mbele. Tairi zikishaachia ardhi, breki hazina pa kushika, na mkondo usiotisha kwa macho unatosha kulizungusha. Kadiri maji yanavyopenya milangoni na kuijaza nafasi ile, gari hutua tena chini, lakini kwa wakati huo limeshatoka barabarani.