Kompyuta Ijue Yenyewe Kwamba Mtandao Umefika



Katika ukurasa huu wa maendeleo tumezoea kuzungumza juu ya maji safi, mbegu na vyama vya akiba. Leo tunazungumza juu ya kompyuta ya ofisi, maana huko ndiko vitabu vya vyama vyetu vimehamia. Vitabu vikipotea, ni jasho la watu limepotea.

Sisi wenyewe tumeyaonja hayo. Laptopu iliyotunza hesabu za chama cha akina mama wauza omena ilianguka, diski ikafa. Nakala ya mwisho tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Karani wetu si mvivu, hapana. Kila alipokumbuka kutuma nakala, mtandao haukuwepo. Na mtandao ulipokuwepo, kulikuwa na watu kumi wanamngoja mlangoni. Tulikaa siku nne tukijumlisha upya kutoka kwa daftari za akina mama, na wawili kati yao hawakuwa wameandika kitu. Ikabidi tuamini neno lao, nao waamini letu. Mambo yaliisha kwa amani, lakini si kila chama kingeisha hivyo.

Basi tukajiuliza: mbona tumwachie binadamu kazi ya kukumbuka, ilhali kompyuta ndiyo ya kwanza kujua kwamba mtandao umefika?

KUULIZA AU KUAMBIWA

Mama anayengoja omena pale ufukweni Muhuru ana njia mbili. Anaweza kushuka ziwani kila nusu saa kuuliza kama mashua imerudi. Au anaweza kuendelea na kazi zake nyumbani, na kumwagiza kijana aje mbio mashua ikigusa mchanga. Njia ya kwanza inachosha, na bado anaweza kukosa mashua iliyokuja na kuuza haraka.

Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Unaweza kuiagiza ijaribu kutuma nakala kila saa, mtandao uwepo usiwepo. Au unaweza kuiagiza hivi: mtandao ukiingia, fanya kazi hii. Maagizo hayo huandikwa kwenye faili ndogo ya maandishi inayoitwa skripti, yaani amri zilizopangwa moja baada ya nyingine.

Jambo hili si geni kwenu. Simu nyingi huuliza kama picha na video zipakuliwe kwa Wi-Fi peke yake. Ukikubali, simu inaangalia iko kwenye mtandao gani na kubadilisha tabia yake, bando lako linapona.

KWA WENYE LINUX

Kompyuta nyingi za Linux hutumia programu iitwayo NetworkManager, iliyoanza mwaka 2004. Hiyo ndiyo inayosimamia Wi-Fi, waya na modemu. Mtandao ukibadilika, inatazama ndani ya folda hii:

/etc/NetworkManager/dispatcher.d

Kila skripti iliyomo inaendeshwa kwa mpangilio wa majina, ndiyo sababu watu huanza jina na namba, kama 50-nakala. Skripti inapewa habari mbili. Ya kwanza ni mlango uliotumika, kama ni Wi-Fi au waya. Ya pili ni tukio lenyewe: "up" maana yake mtandao umeingia, na "down" maana yake umetoka. Yetu ni fupi tu:

#!/bin/sh
if [ "$2" = "up" ] && [ "$CONNECTION_ID" = "Ofisi" ]; then
systemd-run --collect --unit=nakala /usr/local/bin/nakala
fi

Kwa maneno ya kawaida: kama mtandao umeingia, na mtandao wenyewe ni ule tuliouita Ofisi, anzisha kazi ya nakala. Faili ya mwisho, /usr/local/bin/nakala, ndiyo yenye amri za kutuma vitabu. Hiyo mtaiandika kulingana na mahali mnapotunza nakala zenu. Tumetumia systemd-run kwa sababu skripti ya folda hii haitakiwi kukawia. Inaanzisha kazi, halafu inaondoka. Na kwa kuwa kazi imepewa jina moja, nakala, ya pili haiwezi kuanza kabla ya ile ya kwanza kumaliza. Hapa kwetu hilo ni muhimu, kwani mtandao unaweza kupotea na kurudi mara kadhaa kwa saa moja.

Angalieni jambo moja linalowashinda wengi. Skripti hiyo inaendeshwa kwa mamlaka yote ya kompyuta. Kwa hiyo faili lazima iwe mali ya root, iwe na ruhusa ya kuendeshwa, na mtu mwingine asiweze kuiandika. Lisipotimia hilo, NetworkManager haitaiendesha, na wewe utabaki ukishangaa. Amri ni mbili: chown root:root, kisha chmod 755. Baada ya hapo zima Wi-Fi, iwashe tena, halafu soma kumbukumbu kwa amri ya journalctl -u NetworkManager-dispatcher.

KWA WENYE WINDOWS

Fungua Task Scheduler, tengeneza kazi mpya, na kwenye kichocheo chagua ianze kwa tukio. Daftari la matukio ni Microsoft-Windows-NetworkProfile/Operational. Namba 10000 maana yake mtandao umeunganishwa, na 10001 maana yake umekatika. Kisha onyesha faili ya kuendeshwa.

Lakini usifunge dirisha bado! Nenda kwenye sehemu ya masharti. Huko kuna alama iliyowekwa tangu mwanzo, isemayo kazi ianze tu kompyuta ikiwa kwenye stima. Mahali ambapo stima hupotea mchana mzima, laptopu inayotumia betri haitatuma kitu hata mtandao ukiwa mzuri namna gani. Iondoe alama hiyo. Sehemu hiyo hiyo inakuruhusu kuchagua mtandao fulani peke yake.

MAMBO MATATU YA KUJIHADHARI

Kwanza, mtandao kuingia si lazima intaneti iwepo. Bando likiisha, alama za mtandao zinaweza kujaa na bado hakuna kinachopita. Kwa hiyo faili ya nakala ihakikishe kwamba kazi imekamilika, na iandike tarehe mahali ambapo karani ataiona. Nakala ikishindikana kimya kimya ni hatari kuliko kukosa nakala kabisa, maana unalala ukidhani uko salama.

Pili, sisi tuko mpakani. Anayekaa Muhuru anajua jinsi simu inavyoweza kushika mnara wa Tanzania ukiwa umekaa tu nyumbani. Laptopu yenye modemu inaweza kufanya hivyo pia, na gharama ikawa nyingine. Hapo skripti siyo dawa, kwa sababu kuhama mnara si lazima kuhesabiwe kama mtandao kuingia upya. Dawa ni kufunga matumizi ya mitandao ya nje katika mipangilio ya modemu. Kwenye NetworkManager kipengele hicho kinaitwa gsm.home-only. Vilevile iambie kompyuta kwamba mtandao wa modemu unalipiwa kwa kipimo. Windows 10 na zilizofuata, pamoja na NetworkManager, zina mpangilio huo, na masasisho mengi makubwa yatasubiri.

Tatu, jina la mtandao si kitambulisho. Mtu yeyote anaweza kuita hotspoti yake Ofisi. Mtandao wenu uwe na neno la siri lenye nguvu, na nakala isafiri kwa njia iliyofungwa kama ssh, ambayo huhakikisha kwanza inaongea na kompyuta iliyokusudiwa. Majina ya wanachama, namba zao za simu na madeni yao ni amana. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatudai hilo, na kabla ya sheria hiyo dhamiri ilikuwa ikitudai.

MWISHO

Tangu tuweke utaratibu huu, karani wetu akifika ofisini na kufungua laptopu, nakala inaondoka kabla hajamaliza kusalimiana na watu. Kila Ijumaa tunaifungua nakala moja na kuilinganisha na daftari la mweka hazina. Daftari la karatasi hatujaliacha, nanyi msiliache.

Chama chenu kikiwa na laptopu, teueni kijana mmoja na mtu mzima mmoja, wakae pamoja nusu siku waifanye kazi hii. Kijana atajua kompyuta, na mtu mzima atajua hesabu gani zikipotea zitaleta vilio.

Mungu awabariki, na kazi ya mikono yenu isipotee.