Daktari Avukapo Mpaka wa Jimbo

Nchini Marekani udaktari ni kazi moja, lakini leseni zake ni nyingi. Daktari aliyetibu wagonjwa miaka 20 katika jimbo la Ohio hana ruhusa ya kufungua zahanati katika New York mpaka wakuu wa jimbo hilo wamkubalie. Wengi huuliza: je, mwili wa binadamu hubadilika avukapo mpaka?

Jibu limo katika katiba ya nchi hiyo, ambayo imeyaachia majimbo mamlaka ya kulinda afya na usalama wa raia. Mwaka 1889 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Frank Dent, mtu aliyekuwa akitibu katika West Virginia kwa shahada ambayo jimbo halikuitambua. Mahakama ilisema kwamba jimbo lina haki ya kudai uthibitisho wa elimu kwa yeyote atakaye kushika uhai wa watu. Tangu hapo kila jimbo limeshikilia mlango wake.

Daktari anayehama hupeleka maombi kwa halmashauri ya utabibu ya jimbo aendalo. Chuo alichosoma, hospitali alizopata mafunzo na majimbo aliyokuwa na leseni hutakiwa kutoa uthibitisho wao moja kwa moja, bila kupitia mikononi mwa mwombaji. Shughuli hiyo yaweza kuchukua miezi, na huku wagonjwa wa vijijini wakingoja.

Ugumu huo una sababu. Mwaka 1985 daktari Michael Swango alihukumiwa katika Illinois kwa kuwalisha sumu wafanyakazi wenzake. Alipotoka gerezani, alipata nafasi ya mafunzo hospitalini South Dakota mwaka 1992, kisha New York mwaka 1993, akitumia nyaraka za kughushi zilizodai kwamba alifungwa kwa ugomvi wa ngumi tu. Alipofichuliwa alikimbilia Zimbabwe, akaajiriwa katika hospitali ya misheni, na huko pia wagonjwa wakafa kwa namna ya kutia shaka. Alikamatwa Chicago mwaka 1997, na mwaka 2000 alikiri mauaji ya wagonjwa na kuhukumiwa kifungo cha maisha.

Kwa kuziba mianya ya namna hiyo, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1986 ya kuanzisha hazina ya taifa ya kumbukumbu za waganga. Hazina hiyo ilifunguliwa mwaka 1990, miaka mitano baada ya hukumu ya kwanza ya Swango. Humo huandikwa adhabu za halmashauri na fidia zilizolipwa kwa uzembe wa matibabu.

Hata hivyo, ulinzi usiwe kizuizi kwa mwema. Mwaka 2017 ulianza kazi mkataba wa majimbo, ambao sasa umeungwa mkono na zaidi ya majimbo 35. Daktari mwenye leseni kamili katika jimbo lake, asiye na doa la jinai wala la nidhamu, na aliyechukuliwa alama za vidole, huchunguzwa mara moja na jimbo lake. Kisha majimbo mengine anayoyachagua humpa leseni zao kwa haraka. Kila jimbo hubaki na uwezo wa kumwadhibu.

Jeshi la Marekani lina njia yake. Daktari wa jeshi huhitaji leseni ya jimbo moja tu, naye hutibu katika kambi yoyote apelekwako. Akitaka kufanya kazi ya binafsi nje ya utumishi, hurudi kwenye sheria za jimbo. Walioumia zaidi walikuwa wake na waume wa askari: kila uhamisho wa mume au mke ulimlazimu muuguzi au daktari kuanza upya. Sheria iliyotiwa sahihi mwezi Januari 2023 iliamuru kwamba leseni ya askari au ya mwenzi wake, ikiwa hai na safi, itambuliwe katika jimbo jipya anapohamishwa kwa amri ya jeshi.

Kwa mlinzi wa usalama, funzo li wazi. Karatasi anayoibeba mwombaji ni maneno yake mwenyewe. Ukweli huulizwa kule alikotoka.