Kabla Kumbukumbu Hazijafutika: Jinsi Mashine Mpya Ziigavyo Michezo ya Video ya Kale

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo uitwao Space Invaders, uliobuniwa na mhandisi Tomohiro Nishikado. Mchezaji alitia sarafu katika kabati lenye kioo cha televisheni, kisha akauendesha mzinga mdogo ulioonekana chini ya kioo, akiwapiga wavamizi 55 waliopangwa katika safu 5 zenye wavamizi 11 kila moja. Kadiri wavamizi walivyopungua, ndivyo waliobaki walivyozidi kwenda mbio. Yule wa mwisho alikuwa na kasi ya kumtoa jasho hata mchezaji hodari.

Zaidi ya miaka 40 imepita, na mashine zile zinaharibika. Vioo vyake vya televisheni ni vya aina ambayo viwanda vimekwisha kuiacha. Kapasita zake hukauka. Katika aina moja ya chipu za kumbukumbu zilizotumika sana wakati ule, kila biti huhifadhiwa kama chaji ndogo ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole mwaka hata mwaka. Ikisha kuvuja, programu imefutika. Ndiyo sababu mafundi na wapenzi wa kompyuta katika nchi mbalimbali hufanya haraka kuzisoma chipu hizo zikiwa bado nzima, na kuziwezesha kompyuta za leo kuiendesha michezo iliyomo. Kazi hiyo huitwa uigaji. Makala haya yaeleza namna ifanyikavyo, na kwa nini kuiokoa programu peke yake hakutoshi.

Mkalimani wa amri

Moyo wa Space Invaders ulikuwa kichakataji, yaani chipu itekelezayo amri za programu, cha aina ya Intel 8080. Programu nzima ya mchezo ilikuwa na baiti 8,192 tu; idadi isiyopishana sana na ile ya herufi zilizomo katika makala haya. Kila baiti ni namba kati ya 0 na 255. Kwa kichakataji cha 8080, namba 62 ikisomwa kama amri ina maana hii: chukua namba inayofuata, uiweke katika rejista A. Namba 60 ina maana: ongeza 1 katika rejista A.

Kompyuta ya leo ina kichakataji cha aina nyingine, kisichozielewa namba hizo kwa maana ile ile. Kwa hiyo hutungwa programu iitwayo kiigaji, ambayo hufanya kazi ya mkalimani. Kiigaji hutenga nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta mpya ili kuwakilisha rejista A na nyinginezo. Kisha husoma amri za programu ya kale moja baada ya moja, na kutenda kila mara kile ambacho 8080 ingekitenda. Programu ya kale haibadilishwi hata biti moja, wala haina njia ya kutambua kwamba imehamishiwa nyumba nyingine.

Saa nayo huigwa

Mkalimani aliye hodari hatafsiri maneno tu, bali hushika pia mwendo wa usemi. Kichakataji cha 8080 katika mchezo huu kiliendeshwa na saa ya umeme yenye mapigo yapatayo milioni 2 kwa sekunde. Amri ya namba 62 ilichukua mapigo 7, na ile ya namba 60 ilichukua mapigo 5. Kompyuta ya leo hutenda mamilioni mengi ya kazi katika muda huo huo. Ikiachiwa iende kwa nguvu zake zote, mchezo utakwisha kabla mchezaji hajainua kidole.

Kwa hiyo kiigaji hakina budi kuhesabu mapigo. Kioo cha mashine kilichora picha mara 60 hivi kwa sekunde, na katika muda wa picha moja kichakataji kilipata mapigo yapatayo 33,000. Zaidi ya hayo, kioo kilikipa kichakataji ishara mara mbili kwa kila picha: mwale wa elektroni ulipofika katikati ya kioo, na ulipofika mwisho. Programu ilitumia ishara hizo ili ichore katika ile nusu ya kioo ambayo mwale umekwisha kuipita. Kiigaji kisipozitoa ishara hizo kwa wakati wake, picha huharibika au mchezo husimama kabisa.

Hapa ndipo ilipo siri ya kasi ya wavamizi. Mashine haikuwasogeza wavamizi wote kwa pamoja, bali ilimsogeza mmoja tu katika kila muda wa picha moja. Walipokuwa 55, kila mmoja alingoja zamu yake kwa 55/60 ya sekunde, yaani karibu sekunde moja nzima. Walipobaki 11, zamu ilirudi baada ya 11/60 ya sekunde. Alipobaki mmoja, alisogea mara 60 kwa sekunde. Nishikado aliona kwamba mchezo wenyewe waongeza kasi kadiri maadui wanavyopungua, wala hakuusahihisha. Udhaifu wa mashine ukawa utamu wa mchezo. Atakayeuhifadhi mchezo huu bila kuuhifadhi udhaifu huo atakuwa amehifadhi ganda na kuiacha kokwa.

Mambo yasiyomo katika programu

Kuna mambo mengine ambayo hayamo katika zile baiti 8,192. Kioo cha makabati ya kwanza kilikuwa cha rangi nyeusi na nyeupe; rangi aliyoiona mchezaji ilitokana na vipande vya karatasi ya plastiki yenye rangi inayopitisha mwanga. Sauti nazo zilitolewa na saketi za pembeni, na programu ilitoa ishara tu ya kuziwasha. Mtu aliye na programu peke yake hawezi kujua mlio ulikuwaje wala rangi ipi ilikuwa wapi. Lazima aitazame mashine yenyewe, aipime, na kuandika alichokiona.

Mchezo wa Pong, uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972, wenda mbali zaidi, kwani haukuwa na kichakataji wala programu. Mpira na magongo yake vilitokana na saketi za mantiki zilizounganishwa kwa nyaya. Hakuna cha kunakili. Anayetaka kuuiga hana budi kuiga mwenendo wa saketi yenyewe.

Betri iliyoshika ufunguo

Si kila kizuizi kilitokana na umri. Mwaka 1993 kampuni ya Capcom ilianza kutumia mtambo uitwao CPS-2, ambao mchezo wake wa kwanza ulikuwa Super Street Fighter II. Ili kuwazuia waibaji wa programu, programu ziliandikwa kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa kuyafumbua ukawekwa katika kumbukumbu iliyotegemea betri ndogo. Betri ilipokwisha, ufunguo ulipotea, na mtambo ukawa hauwezi tena kuendesha mchezo, ijapokuwa chipu za programu zilikuwa nzima. Kinga iliyowekwa dhidi ya wezi ilimfungia mlango hata mwenye mali.

Mwaka 2001 wapenzi wa michezo hiyo walianza kutoa programu zilizofumbuliwa, moja baada ya nyingine. Mwaka 2007 Andreas Naive na Nicola Salmoria walifaulu kuigundua kanuni yenyewe ya maandishi yale ya siri. Salmoria, raia wa Italia, ndiye aliyekuwa ameanzisha mwaka 1997 programu ya MAME, ambayo imekusanya viigaji vya maelfu ya mashine. Waitungao husema kwamba shabaha yake ni kuweka kumbukumbu ya jinsi mashine zilivyofanya kazi. Kuchezeka kwa michezo ni uthibitisho kwamba maelezo hayo ni sahihi.

Njia nyingine ya siku hizi ni kutumia chipu iitwayo FPGA, ambayo milango yake ya mantiki huweza kuunganishwa upya kwa maelekezo. Mradi wa MiSTer, ulioanza mwaka 2017, hutumia chipu hiyo kuzijenga upya saketi za mashine za kale, nazo zikafanya kazi zote kwa wakati mmoja kama zilivyofanya za asili. Hata hivyo, chipu hiyo haina elimu ya kichawi. Usahihi wake hauwezi kupita ujuzi wa yule aliyeisoma mashine ya kwanza.

Sheria na wakati

Mwaka 2000 mahakama ya rufani nchini Marekani iliamua kwamba kutunga kiigaji kwaweza kuwa halali. Mchezo wenyewe lakini ni mali ya mwenye hakimiliki, na kuusambaza bila idhini yake ni kosa, hata kama hauuzwi tena popote. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikipatikana tena madukani. Mwaka 2024 ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba ziwafungulie watafiti michezo hiyo kutoka mbali. Wenye haki wana hoja yao. Lakini chaji ndani ya chipu haingoji hukumu.

Darasani, mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa kalamu na karatasi. Mwanafunzi mmoja awe kichakataji, ana kisanduku kilichoandikwa A, naye asome mfululizo huu: 62, 5, 60, 60. Akifuata maana zilizotajwa hapo juu, atamaliza akiwa na 7 katika kisanduku. Kisha na ahesabu mapigo: 7 na 5 na 5, jumla 17. Huyo amekwisha kuiga 8080, jibu lake na muda wake pia.

Mashine yaweza kufa na tabia yake ikabaki, mradi apatikane mtu wa kuichunguza na kuiandika ingali inafanya kazi.